Imeili inasema benki itafunga akaunti yangu ndani ya saa 24. Naombeni ushauri

Duka_Busia: Wakuu, jana Ijumaa saa 11 jioni nimepokea imeili ya benki yangu. Nembo ipo, rangi ni zilezile. Inasema Bank of Uganda imeagiza wateja wahakiki NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) na taarifa zao, la sivyo akaunti inafungwa ndani ya saa 24. Kuna kitufe cha kubonyeza. Humo ndimo ilimo pesa ya mzigo wa mchele, 6,400,000. Nitajuaje kama ni ya kweli? Nafikiria kusubiri hadi Jumatatu niende tawini.

FundiNyavu_Arua: Dada, achana na nembo, mtu yeyote anaweza kuinakili. Bonyeza jina la mtumaji utaona anwani yenyewe. Kisha weka kidole kwenye kitufe, ukishikilie bila kuachia mpaka linki nzima itokee. Tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya https://, kisha urudi nyuma kuelekea kushoto. Kama kabla ya mkwaju ni .com, mwenye tovuti ni neno lililotangulia .com. Kama ni .co.ug, ni neno lililotangulia .co.ug. Yaliyo kushoto zaidi mwenye tovuti anajiandikia anavyotaka. Tuwekee linki hapa, ficha jina la benki.

Mzee_wa_Mbale: Mimi nasema dawa ni kupunguza haya mambo ya intaneti. Tawi lipo, karani yupo, unamwona uso kwa uso. Na hao wa mobile money ndio balaa zaidi: "nimekutumia kwa makosa, nirudishie". Angalia salio lako kwanza, usiamini ujumbe.

Karani_Jinja: Mzee, hilo la mobile money ni kweli ila lina uzi wake. Bank of Uganda inasimamia mabenki, haina haja ya pasiwadi ya mtu. Na Ijumaa jioni haikuchaguliwa bure: matawi yanafungwa, nawe unabaki na hofu wikendi nzima. Duka_Busia, swali moja tu. Ulibonyeza?

Duka_Busia: Nilibonyeza kuangalia tu. Ilikuwa na alama ya kufuli, nikaona ni salama.

FundiNyavu_Arua: Kufuli linasema tu kwamba hakuna wa katikati anayesoma unachotuma. Halisemi unamtumia nani. Mwizi naye anapata cheti cha kufuli bila kulipa shilingi.

Karani_Jinja: Kuangalia tu, au ulijaza? Na baada ya kujaza, kuna namba zilizokuja kwa SMS?

Duka_Busia: Nilijaza namba ya akaunti na pasiwadi. Zikaja namba sita, nikaziweka. Lakini salio halijapungua hata shilingi! Tena nimepiga simu namba iliyo chini ya imeili, amepokea mtu mstaarabu, ameniambia uhakiki unaendelea, nisiingie kwenye akaunti hadi Jumatatu. Ndiyo maana nasubiri.

Karani_Jinja: Nyabo, hiyo namba ni ya mwizi yuleyule, na anachokuomba ni muda. Zile namba sita zilikuja kwa sababu yeye, wakati huohuo, alikuwa anaingia kwenye akaunti yako halisi kwa pasiwadi uliyompa. Salio kutulia hakumaanishi kitu. Mara nyingi kwanza wanasajili simu yao au kuongeza mpokeaji mpya, pesa inafuata baadaye. Geuza kadi yako ya ATM, piga namba iliyo nyuma. Sema: "Nimetoa pasiwadi na OTP (zile namba sita za SMS) kwenye tovuti bandia, naomba mfunge huduma ya intaneti, ya simu na kadi." Waulize kama kuna kifaa au mpokeaji mpya. Andika namba ya malalamiko, saa, na jina la aliyekuhudumia.

Mzee_wa_Mbale: Maji yakishamwagika hayazoleki.

Karani_Jinja: Hayajamwagika, mzee. Mwache apige.

Macho_Kodo: Mimi siamini uzi huu. Kwanza hakutaja kubonyeza, kisha amebonyeza, kisha amejaza, kisha kapiga simu. Linki ameombwa, hajaiweka. Huenda ni mwizi anayepima tunavyojua.

FundiNyavu_Arua: Hata kama ni mwizi, hakuna siri tuliyomwambia. Na mtu mwenye aibu hutoa habari hivyohivyo, kidogo kidogo. Ila linki tunaihitaji.

Duka_Busia: Situngi jambo hapa, mikono inatetemeka. Hii hapa: https://jinalabenki.co.ug.uhakiki-akaunti.com/ingia

FundiNyavu_Arua: Macho_Kodo, itazame. Jicho linaishia kwenye .co.ug, lakini mkwaju wa kwanza uko baada ya .com, kwa hiyo mwenye nyumba ni uhakiki-akaunti. Ukitumia Gmail kwenye kompyuta, vile vitone vitatu vinakuonyesha barua asilia, yenye SPF, DKIM na DMARC, yaani vipimo vya kama barua imetoka kweli kwa domeini (jina la tovuti) inayodaiwa. Zikisema FAIL, ni dalili mbaya. Zikisema PASS, usishangilie: aliyenunua domeini yake anafaulu kwa jina lake mwenyewe.

Duka_Busia: Nimepiga namba ya kadi. Wamekuta mpokeaji mpya ameongezwa jana saa 11:40 jioni. Si wangu. Wamefunga kila kitu, namba ya malalamiko ninayo. Pesa ipo.

Karani_Jinja: Vizuri sana. Usiifute ile imeili, utaihitaji tawini na polisi. Kosa hili liko kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Simu ikipoteza mtandao ghafla, usidhani ni mnara, nenda kwa kampuni ya laini siku hiyohiyo: huenda namba yako imehamishiwa laini nyingine. Na pasiwadi ya imeili yako, ni tofauti na ya benki?

Duka_Busia: Ni ileile.

Karani_Jinja: Basi ibadilishe sasa hivi, kabla hujajibu hapa. Kisha toa vifaa vyote vilivyoingia, na uangalie kwenye mipangilio kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala za barua zako.

Duka_Busia: Naingia.