Naomba ushauri: bima ya shule ya watoto wadogo hapa Lubumbashi

Wandugu na wadada, jambo yenu. Ninaendesha shule ya maternele huku Katuba, watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Wazazi wameanza kuniuliza: mtoto akianguka kwenye bembea akavunjika mkono, nani atalipa hospitali? Wana haki kuuliza, na jambo hili linaninyima usingizi.

Zamani ilikuwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake. Tangu sheria ya 2015 ifungue soko, kuna makampuni mengine yenye ruhusa ya ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na mawakala wameniletea mikataba miwili. Mmoja unalipa pale tu shule ikionekana ina kosa. Wa pili unalipa matibabu ya mtoto hata kama hakuna aliyekosea, ila una kikomo cha pesa, na mimi nakiona kidogo. Hata hivyo naelekea huo wa pili. Mama mwenye mtoto anayelia hatangojea mabishano ya kosa ni la nani.

Wenye shule, mlichagua upi? Matembezi ya nje, chakula cha jikoni, watoto wanaobaki na mlezi hadi jioni, mliviandikisha mkatabani? Na pesa ya bima, mliiingiza ndani ya minerval (karo ya shule) au wazazi wanailipa mbali? Aksanti sana.