Vikundi vya katikati ya jiji vitaungana vipi ili Kisutu na Posta zisilale saa kumi na mbili jioni?

Mkazi wa Kisutu

Ndugu zangu, salaam. Nimeishi Kisutu, hapa katikati ya Dar es Salaam, tangu utotoni, na ninaandika kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Tangu wizara zilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ofisi nyingi za hapa mjini zimepungukiwa na watu, na jua likishazama, Barabara ya Samora kuanzia Sanamu ya Askari hadi Mnara wa Saa hubaki na walinzi tu. Mchana msongamano, usiku ukiwa.

Vikundi tunavyo vingi. Misikiti, mahekalu na makanisa yana kamati zao, wenye maduka wana umoja wao, wamachinga wana viongozi wao, mamantilie wana upatu wao, na wapo wasanifu na vijana wanaoyapigania majengo ya kale. Kila kikundi kinatenda jema lake peke yake. Mwaka jana kikundi chetu kilizibua mtaro wa mtaa mzima siku ya Jumamosi, na kabla ya wiki kwisha ukawa umeziba tena, kwa kuwa wale wanaomwaga maji na taka humo kila siku hatukuwa tumewahi kukaa nao. Naomba uzoefu wa mtu yeyote aliyewahi kuvileta pamoja vikundi vya aina hii: mnaanzia wapi, na nani aitwe kwanza?

Mstaafu wa Mchafukoge

Mwanangu, umeuliza jambo la msingi, na jibu umelitaja mwenyewe bila kujua: anzeni na huo mtaro. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba watu wakiitwa kuzungumzia "maendeleo ya jiji" huja na hotuba, lakini wakiitwa kuzungumzia maji machafu yanayopita mbele ya milango yao huja na majembe. Mvua za masika hazimbagui mwenye duka wala muuza kahawa.

Mwiteni kwanza mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, kisha mwandikieni diwani. Tangu Februari 2021, Manispaa ya Ilala ilipopandishwa kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, shughuli zetu zote za katikati ya mji zinaishia mezani pa halmashauri hiyo moja, kwa hiyo barua moja iliyotiwa saini na vikundi sita ina uzito kuliko barua sita zinazofika kwa nyakati tofauti na kuomba mambo yanayopingana. Sisi tuliwahi kufanya kosa hilo: kikundi kimoja kiliomba meza za barabarani ziondolewe, kingine kikaomba zipangwe vizuri, na zote mbili zikabaki kwenye faili.

Jambo la pili ni fedha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Ni mpango mzuri, ila kila kikundi husajiliwa kwa ajili ya mkopo wake na hakipati sababu ya kukutana na jirani yake. Usitegemee mikopo iwaunganishe.

Msanifu wa Upanga

Nakubaliana na mzee, lakini naomba niongeze suala ambalo mara nyingi husahaulika: jengo ni la nani? Kwa sheria ya mwaka 1971, majengo mengi ya kupangisha ya hapa mjini yalitaifishwa, na mengi kati yake yakawa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji aliyeishi humo miaka thelathini hawezi kupaka rangi ukuta wa nje kwa uamuzi wake, na hajui kama mwakani nyumba itavunjwa kupisha mnara. Mtu wa namna hiyo ukimwomba achangie ukarabati wa baraza atakutazama tu. Kwa hiyo mwenye jengo lazima awepo kikaoni tangu siku ya kwanza, asije kuletewa maazimio yaliyokwisha kupitishwa.

Naamini pia kwamba sauti ya pamoja ya majirani ni suala la usalama. Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza karibu na msikiti. Tangu hapo siwezi kuona ghorofa zikiongezeka kwenye kiwanja chembamba bila kujiuliza ni nani wa jirani aliyeulizwa.

Kwa upande wa matumaini, nendeni mkaitazame Boma la Kale pale Barabara ya Sokoine, lililojengwa miaka ya 1860 zama za Sultan Majid wa Zanzibar. Limekarabatiwa na sasa ni kituo cha urithi wa usanifu majengo, kazi iliyofanikiwa kwa sababu wasanifu, jiji na wafadhili walikubaliana kwanza jengo litatumika kwa nini.

Mamantilie wa Mnazi Mmoja

Shikamoo mzee wangu, na ninyi wengine habari zenu. Naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaokaa chini. Mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani, wengi wetu tulijifunza kwamba tunakumbukwa siku ya kuhamishwa, siku ya kupanga hatukumbukwi. Mkitaka mji uwe hai usiku, wanaoufanya uwe hai ni wachoma mishikaki, wauza kahawa na wakaanga chipsi. Mteja anakuja palipo na taa na harufu ya chakula, na watu wakiwepo hata mwizi anaona aibu. Tupeni eneo lenye taa, maji na choo, tukubaliane saa za kufungua na kufunga, nasi tutasimamia usafi wa mtaro huo, maana ukiziba ni sisi tunaokosa wateja. Ila msituite mwishoni kusomewa masharti.

Mkazi wa Kisutu

Mzee, shikamoo na asante sana. Dada wa Mnazi Mmoja, umenifungua macho: katika orodha yangu ya wa kualikwa, mamantilie mlikuwa wa mwisho. Nimeipanga upya. Jumapili hii nitakwenda kwanza kwa wanaopika pale kwenye kona yetu, kisha kwa mlinzi wa hekalu na katibu wa msikiti, ndipo niende kwa mwenyekiti wa mtaa nikiwa na majina yao mkononi. Ajenda itakuwa moja, mtaro na taa tatu zilizozimika. Msanifu, utakuwa tayari kuja kutusaidia kumwandikia mwenye jengo?

Msanifu wa Upanga

Nitakuja. Nitajie saa, nami nitakuja na mchoro wa mtaro.