PPF, seramiki, au niache tu? Gari jipya na kokoto za barabara ya Morogoro

Mwana_Kihonda
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Mazda CX-5 yangu imetoka bandarini wiki iliyopita, ya mwaka 2019, nyekundu ile inayowaka, namba ya rangi 46V. Familia iko Morogoro, kazi iko Dar, kwa hiyo Ijumaa na Jumatatu nipo barabarani, kilomita kama 190 kila safari. Premio nyeusi niliyouza ilipita njia hiyo miaka minne, mdomo wa boneti ukawa kama mtoto aliyepona tetekuwanga. Sitaki kuyaona tena.

Nimezunguka Dar nikapewa bei hizi:
(a) PPF, ile plastiki angavu ya kubandika, kwa mbele tu (bampa, boneti, fenda mbili, saiti mira): milioni 2.8
(b) PPF gari zima: milioni 7.5
(c) Seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ikakauka, gari zima: laki 9. Muuzaji anasema "ina ugumu wa 9H, jiwe haliingii"
(d) Kuacha lilivyo na kununua kichupa cha rangi ya kuzibia.

Mke wangu yuko upande wa (d) na ameshafunga mjadala. Mimi bado.

Dereva_wa_Semi
Mpya wapi mkuu, ya 2019! Ila hongera. Gari ni jipya mpaka siku ya mkwaruzo wa kwanza.

FundiRangi_Ilala
Nianze na (c), maana ndiyo inayowala watu hela. 9H ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za kila aina, kuanzia laini hadi ngumu, wanazisukuma juu ya koti waone ipi inaacha alama. Ngumu kuliko zote ni 9H. Kwa hiyo umehakikishiwa kwamba penseli haitalikwaruza gari lako. Kokoto haina habari na penseli.

Angalia unene. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia koti la chini la kuzuia kutu mpaka klia, lile koti angavu la juu, ni kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Unywele wa kichwani kwako ni kama 70. Seramiki ikishakauka ni maikroni chache tu, hesabu ya vidole. PPF nzuri ni 150 hadi 200, yaani unaivalisha rangi yako koti nene kuliko rangi yenyewe. Halafu ina asili ya mpira: jiwe likigonga inabonyea na kurudi, kishindo kinasambaa kabla hakijafika chini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye mapanga ya helikopta za jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, huko kwenye mchanga na vifusi vinavyoruka. Magari yamekuja baadaye.

Sisemi seramiki ni mbaya. Maji yanateleza, vumbi halishiki sana, mavi ya ndege yanatoka bila kusuguliwa. Ukiitaka kwa sababu hizo, inunue. Kwa mawe, hapana.

Sasa hiyo 46V. Ni rangi ya tabaka tatu. Chini kuna koti lenye chembe zinazorudisha mwanga, juu yake koti jekundu linalopitisha mwanga kama kioo cha rangi, kisha klia. Koti la kati likizidi kidogo rangi inakolea, likipungua inapauka. Mimi napuliza kwanza kwenye vipande vya bati vya majaribio, mara tatu, mara nne, navipeleka juani navilinganisha na mlango, na bado kazi ikiisha mimi mwenyewe naiona tofauti hata kama mteja haioni. Ingekuwa nyeupe 040 ya Toyota ningekwambia endesha, tutapuliza bampa ukichoka kuliangalia. Kwa 46V nakwambia linda boneti.

Mama_Wawili_Kibaha
Shem ana haki ya kusikilizwa jamani. Nina gari la mwaka wa sita huu, Kibaha na mjini kila siku, sijabandika kitu. Nina kichupa, toothpick na uvumilivu. Kidonda kikitokea nakisafisha kwa spiriti, nasubiri kikauke, nadondosha tone moja kwa ncha ya toothpick. Usipake kwa ile brashi ya kwenye kifuniko, inaacha uvimbe kama chunusi. Tone, subiri, tone tena, mpaka shimo lijae, mwisho klia. Ukisimama hatua mbili huoni kitu.

La muhimu usichelewe. Kidonda kilichofika kwenye bati kikipata masika mawili kinaanza kutoa maji ya kahawia kama chai, na kutu inatembea chini ya rangi ambako huioni. Bampa ni plastiki, hilo halina kutu, unaweza kuliacha hata mwaka.

Mwana_Kihonda
Dada nashukuru, nimemsomea huyu bibie akacheka. Ila kwa rangi ya tabaka tatu, kichupa kitapatia?

Mama_Wawili_Kibaha
Langu ni jeupe. Siwezi kukudanganya.

FundiRangi_Ilala
Hakitapatia sawasawa, lakini kitaziba, na kuziba ndiyo kazi yake.

Msafiri_Nakuru
Niongee kutoka huku Kenya. Gari yangu nilikuwa nimefanyiwa ile ya nusu boneti, ukanda kama wa sentimita 45 hivi kutoka mdomoni, kwa sababu ilikuwa bei rahisi. Naomba msifanye hiyo makosa. Mwezi wa kwanza huoni laini. Baada ya mwaka, vumbi na waksi zimeingia kwa ukingo, kuna mstari mweusi umekata boneti katikati kama mtu amechora na rula. Miaka tatu baadaye niliitoa, chini rangi ilikuwa safi, juu ilikuwa imechoka na jua. Sasa nina boneti ya rangi mbili. Kama ni boneti, weka yote, ukingo ukunjwe uingie ndani.

Pia uliza wanakata aje. Niliowaendea mimi walitandaza plastiki kwa gari halafu jamaa akatoa wembe akaanza kufuata ukingo wa taa. Nilisikia ule wembe, krrrr. Plastiki ilipotoka ndio nikaona alama yake kwa rangi, nyembamba kama uzi, imezunguka taa yote. Tafuta mwenye mashine inakata kipande kulingana na gari yako kabla hakijaguswa bodi.

Bint_Muscat
Assalaam alaykum. Hapa Oman joto la kiangazi linapita 45 na gari unaliacha juani mchana kutwa, kwa hiyo plastiki mbovu inajitangaza upesi. Ziko za aina mbili. Ya PVC ni rahisi, ngumu ngumu, na jua likiishika inageuka manjano na kukakamaa, siku ya kuitoa inakatika vipande vipande na gundi inabaki. Ya TPU ndiyo PPF yenyewe.

Mwambie muuzaji akupe kipande cha kiganja. Kivute: TPU inavutika na kurudi, PVC ikishavutwa inabaki imelegea. Halafu kikwaruze kidogo kwa brashi ya waya laini, kimwagie maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Kama ni nzuri michirizi inafutika mbele ya macho yako. Akikataa kukupa kipande, ondoka. Na garantii isomwe, iko kwenye karatasi au iko mdomoni?

Dereva_wa_Semi
Sasa niseme la kweli, maana mimi ndiye ninayewarushia. Miaka 11 Dar na Tunduma. Tairi za nyuma za semi ziko pacha, na kati ya mbili hizo jiwe la ukubwa wa yai linakaa vizuri kabisa. Nikitoka kwenye changarawe pale tunapoegesha, nimelibeba. Mwendo mdogo halitoki. Nikishafika 70, 80, linachomoka, na wewe uko nyuma yangu mita 10 unachungulia upate nafasi ya kupita.

Likisharuka juu ni kama limesimama hewani, wewe ndiye unayelifuata. Ukiwa na 100 badala ya 50, kishindo si mara mbili, ni mara nne. Watu wenye vidonda vingi kwenye boneti ni wale wale wanaonibana kuanzia Mlandizi mpaka mizani ya Vigwaza. Kaa nyuma kabisa, ukipata nafasi pita moja kwa moja, usining'inie. Hiyo ni PPF ya bure. Na hakuna plastiki ya boneti inayookoa kioo cha mbele.

Kijana_wa_Calgary
Nathibitisha. Huku wakati wa theluji barabara zinamwagiwa kokoto ili tairi zishike, kioo chenye ufa ni kitu cha kawaida kabisa mtaani. Nilibandika boneti na bampa, sijutii, ila bado naendesha kama Dereva_wa_Semi anavyosema.

Mlinzi_wa_Geti
Ijumaa na Jumatatu? SGR ipo tangu 2024. Kokoto zote ziko chini ya reli.

Mwana_Kihonda
Hahaha, na mizigo ya watoto nabeba kichwani?

Mzee_wa_Mnada
Kabla hujabandika chochote, unayo karatasi ya mnada ya Japani, ile ya ukaguzi wa hali ya gari? Tazama ule mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W maana yake paneli imenyooshwa na kupigwa rangi, XX imebadilishwa. Ukikuta W mahali unapotaka kubandika, rudi hapa kwanza.

Mwana_Kihonda
Mzee wangu, ninayo. Daraja 4, nilifurahi nikaiweka kwenye droo. Nimeitoa sasa hivi. Boneti A1. Fenda ya kulia W2. Kwingine safi.

FundiRangi_Ilala
Mzee umemwokoa. Rangi ya kiwandani inaokwa kwenye tanuri na kushika bati. Ya kurudia inategemea aliyepiga msasa siku ile alikuwa na haraka kiasi gani. PPF ikiwekwa juu yake itakaa bila shida. Shida ni siku ya kuibandua, miaka mitano sita mbele: gundi ikiishinda rangi, unaondoka na plastiki na rangi yake pamoja. Na kama paneli imepigwa rangi juzi, usiiguse mpaka ipite kama mwezi ikauke ndani.

Pita kwangu nikupimie, sitakudai.

Mwana_Kihonda
Nimepita leo. Fundi ana kidude kama rimoti ya televisheni, anakigusisha kwenye bati kinatoa unene wa rangi kwa maikroni. Boneti: 112, 118, 109. Milango yote humo humo. Fenda ya kushoto 115. Tukahamia ya kulia: 287. Akasogeza kidogo: 305. Hakusema kitu, aliniangalia tu. Kwa macho, naapa, huoni tofauti yoyote. Tulipoisogeza kivulini akanionyesha mahali pamoja karibu na taa ambapo wekundu umeelekea kidogo kwenye chungwa. Sasa naiona kila nikipita.

Kwa hiyo fenda hiyo nafanyaje?

FundiRangi_Ilala
Iache. Fenda kwa juu haipigwi sana. Inapopigwa ni nyuma ya tairi, na pale kinachookoa ni madigadi. Funga madigadi mapana mbele na nyuma, bei yake ni chakula cha mchana cha watu wawili, na yanakinga pia ile sehemu ya chini ya milango ambayo watu wanaisahau mpaka kutu inachungulia.

Bint_Muscat
Na ukishabandika, wiki ya kwanza usioshe. Baadaye waambie waosha magari presha isielekezwe kwenye ukingo wa plastiki kwa karibu. Ukingo ukishanyanyuka haurudi.

Msafiri_Nakuru
Na vile viputo vidogo vya maji usishtuke, vinakauka zenyewe. Vyenye nywele ama vumbi ndani, hivyo hapana, rudisha siku hiyo hiyo.

Mwana_Kihonda
Wakuu, mrejesho. Nimekataa (b), milioni 7.5 kwa gari lenye paneli moja ya mashaka sioni mantiki. Nimekataa (c) pia, nitapaka waksi mwenyewe. Nimechukua boneti zima, bampa na saiti mira, fenda zote mbili nimeziacha ili zifanane. Wameshusha mpaka milioni 2.1. Wa kwanza niliyemwendea alikataa kunipa kipande cha kujaribu, nikaondoka. Wa pili alinipa na maji ya moto akachemsha yeye mwenyewe. Anakata kwa mashine. Garantii ya miaka mitano nimepewa kwa maandishi, na imeandikwa wazi kwamba haihusu paneli zilizorudiwa rangi.

Madigadi yamefungwa. Kichupa cha 46V nacho kimenunuliwa, kiko kwenye droo ya gari, hilo lilikuwa sharti la mke wangu.

Mama_Wawili_Kibaha
Na toothpick?

Mwana_Kihonda
Pakiti nzima.

Dereva_wa_Semi
Jumatatu alfajiri nitakuwa napanda kutoka Ruvu. Tela la bluu. Niache mita 50.