Nisubiri simu mpya zenye sensa ya kina au ninunue iliyopo? Naombeni ushauri wakuu

Fundi_Patasi (Bagamoyo)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni seremala hapa Bagamoyo. Kazi yangu kubwa ni milango ya nakshi, niliirithi kwa babu. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu masika, naomba msaada wa wenye uelewa wa simu.

Masika hayo nyumba moja ya mawe, jirani na Mtaa wa India, ilidondoka ukuta wa mbele. Mlango wake ulikuwa kazi ya mkono wa babu. Nilipofika siku ya tatu, mlango haupo, umeshauzwa. Nikarudi nyumbani kutafuta picha. Nimepata moja tu, ya harusi, na shangazi amesimama mbele ya mlango akafunika nusu ya mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango. Nimejaribu kuuchonga upya kwa kumbukumbu, nikakwama kwenye nakshi ya mnyororo wa pembeni. Sijui ulikuwa unageukia wapi ukifika kwenye kizingiti.

Sasa milango mingine ya zamani bado ipo, na chumvi ya bahari inaila kila siku. Nataka niihifadhi kwa umbo lake kamili, siyo picha bapa tu. Pili, wateja wangu wengi wapo Dar, na wanapata shida kuuona mlango akilini kabla sijaanza kuchonga. Nataka mtu ashike simu auone umesimama pale pale ukutani kwake. Nasikia huo ndio uhalisia ulioongezwa, ile wanayoiita AR.

Kuna tetesi kwamba simu zinazokuja zitakuwa na sensa bora ya kina, yaani kamera inayopima umbali wa kitu, hata zile za bei ya kati. Nimejibana nimefikisha milioni moja na laki mbili. Nisubiri, au ninunue sasa?

Mdau_wa_Chumbageni (Tanga)

Pole sana kwa mlango wa babu. Ushauri wangu mfupi: usisubiri. Tetesi hazina tarehe, na milango yako inaliwa na chumvi wakati wewe unasubiri.

Mpima_Viwanja

Mkuu, mimi napima ardhi, vifaa vya kupima kwa mwanga ndio mkate wangu. Ngoja nieleze taratibu, maana hapa watu wengi huuziwa kitu wasichokihitaji.

Kamera ya kawaida inajua rangi, haijui umbali. Ili simu ijue umbali kuna njia tatu. Ya kwanza ni kamera mbili zinazotazama kitu kimoja kutoka sehemu mbili tofauti kidogo, kama macho yetu. Ya pili ni kurusha vidoti vya mwanga usioonekana na kuangalia vinavyopinda juu ya kitu. Ndivyo ilivyo kamera ya mbele ya iPhone X ya mwaka 2017, inarusha vidoti zaidi ya 30,000 usoni kwako. Ya tatu ni kurusha mwanga na kupima muda unaotumia kwenda na kurudi. Wanaiita ToF, na laida ni ndugu yake (kwenye maelezo ya simu utakuta imeandikwa LiDAR). Mwanga kwenda mita moja na kurudi unatumia kama nanosekunde 6.7, yaani sehemu 6.7 za bilioni moja za sekunde. Simu inapima kitu hicho mkononi mwako, na mimi bado hunishangaza.

Kuhusu tetesi, angalia historia. Novemba 2017 iliripotiwa kwamba Apple wanapanga kuweka sensa ya kina nyuma ya iPhone kwa mwaka 2019. Mwaka 2019 ukapita. Ikaja kwenye iPad Pro Machi 2020, na kwenye iPhone 12 Pro Oktoba mwaka huohuo. Baadaye wakasema iPhone 13 zote zitapata laida. Zikatoka, zimepata Pro peke yake.

Na hata ikishakuja inaweza kuondoka. Google walikuwa na mradi wa Tango tangu 2014, wa kuweka sensa za kina kwenye simu. Lenovo wakatoa Phab 2 Pro mwaka 2016, simu ya kwanza ya Tango kuuzwa kwa watu wa kawaida. Machi 1, 2018 Google wakaufunga, wakahamia ARCore, programu yao ya AR ambayo haihitaji sensa maalumu. Samsung nao waliweka ToF kwenye Galaxy S10 5G mwaka 2019 na S20 Ultra mwaka 2020, kisha S21 ikaja bila hiyo. Ungenunua simu kwa ajili ya sensa peke yake, ungebaki na kifaa ambacho watengenezaji wenyewe wamekiacha njiani.

Dada_Sebule (Dar)

Mimi napamba nyumba za watu. AR naitumia kila wiki, na simu yangu ni Android ya kawaida kabisa, haina sensa yoyote ya kina. Kaka Fundi, kwa hilo la pili, la kumwonyesha mteja mlango ukutani, usipoteze senti kwa kusubiri. IKEA, wale wauza samani, walitoa programu ya namna hiyo mwaka 2017, mteja aliweza kuweka kiti sebuleni kwake kabla ya kununua.

Kabla ya kununua hakikisha tu simu ipo kwenye orodha ya Google ya simu zinazokubali ARCore. Si zote. Nilishanunua moja kwa haraka, nikafika nyumbani nikakuta haikubali.

Tatizo utakalokutana nalo ni kuta nyeupe. Simu bila sensa inatafuta alama ukutani: ufa, kona, mchoro. Ukuta uliopakwa rangi moja hauna cha kushika, basi mlango unateleza, mara uko juu, mara umezama sakafuni. Mimi natundika kanga. Kanga ina mji na pindo vilivyojaa maua, simu inashika papo hapo. Mlango ukishatulia, acha kanga palepale mpaka mteja amalize kutazama.

Fundi_Patasi (Bagamoyo)

Dada Sebule, hilo la kanga nimelipenda sana. Mama anazo sanduku zima.

Mkuu Mpima, asante kwa darasa. Sasa swali: kuna simu dukani hapa, bei laki tatu na nusu, boksi limeandikwa kamera tatu na moja ni ya "depth" (yaani kina) megapikseli 2. Hiyo si ndiyo sensa yenyewe? Mbona wanasema mpaka nisubiri?

Fundi_Simu_Makorora (Tanga)

Hapana kaka! Naomba kila anayesoma uzi huu asome hapa mara mbili. Nimezifungua hizo simu mezani kwangu. Ile ya megapikseli 2 ni kamera ndogo ya kawaida. Hairushi mwanga wowote wala haipimi muda. Kazi yake ni kusaidia kamera kubwa ikisie nani yuko mbele na nini kiko nyuma, ili picha ya mtu itoke na ukungu mgongoni. Ukitaka kupima mlango, haina msaada. Mimi mwenyewe kabla sijaijua kazi hii niliinunua nikiamini itanipimia chumba, na fedha ile nilikuwa nimeitafuta miezi mitano.

Kama unataka sensa ya kweli, kwa fedha uliyonayo tafuta iPhone 12 Pro iliyotumika. Iwe Pro, maana 12 ya kawaida haina. Kagua kwamba akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa. Kisha fungua programu ya kupimia iliyomo ndani ya simu, mwelekezee mtu aliyesimama wima, aonekane kichwa hadi miguu. Laida ikiwa nzima, mstari utatokea juu ya kichwa na urefu wake utaandikwa. Usipotokea, achana na simu hiyo.

Mdau_wa_Chumbageni (Tanga)

Basi jibu limepatikana, 12 Pro.

Mpima_Viwanja

Kwa kazi yake, mimi sikubali. Naomba tusimpeleke fundi kwenye hasara.

Laida ya simu inafika kama mita 5, na kosa lake ni kama sentimita moja kwa kitu kikubwa. Kwa chumba si mbaya. Lakini ramani ya kina inayotoa ni nukta 256 kwa 192 tu. Zitandaze juu ya mlango wa mita mbili na nusu kwenda juu: nukta moja na jirani yake zimeachana karibu sentimita moja. Nakshi yako ina kina gani, fundi? Milimita nne, tano? Basi mnyororo wote unapita katikati ya nukta na hauonekani.

Juu ya hayo kuna jua. Mwanga wa sensa ni infraredi, ule usioonekana kwa macho, na jua nalo linatoa infraredi tele. Saa saba mchana Bagamoyo, mbele ya ukuta wa chokaa, sensa inazidiwa.

Kwa nakshi njia bora ni picha nyingi. Unapiga picha 100 au 150 za mlango mmoja, kila picha ipishane na ya kabla yake kwa zaidi ya nusu. Programu inatafuta alama zilezile kwenye picha tofauti na kupiga hesabu ya umbo lote. Inaitwa fotogrametri. Kamera nzuri ya kawaida inatosha. Weka tepu au rula chini ya mlango ionekane kwenye picha, vinginevyo utapata umbo bila kipimo. Wenzetu wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamehifadhi magofu ya Kilwa Kisiwani kwa skana kubwa za leza, na mbao na mawe yakichakaa kesho, umbo lake lipo. Wewe utafanya kwa milango.

Mzee_wa_Kaole

Mwanangu Fundi, nakufahamu kwa kazi yako ingawa hunijui. Haya ya sensa nawaachia vijana. Langu ni moja. Kabla hujapiga picha nyumba ya mtu, bisha hodi, kaa barazani, eleza nia. Milango mingi imeibwa na kuuzwa nje, watu wamekuwa na hofu na anayekuja kupima. Na kwenye magofu ya Kaole usiingie na vifaa bila ruhusa ya wanaosimamia. Msikiti ule ni wa karne ya 13, una utaratibu wake.

Tena waulize wenye nyumba majina ya nakshi. Simu itachukua umbo, jina haitalichukua. Babu yako alikuwa na jina la kila ua.

Fundi_Patasi (Bagamoyo)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maneno yako nikanyamaza kidogo. Ni kweli, aliyajua yote, na mimi nimebaki na machache. Nitaenda na daftari.

Fundi_Simu_Makorora (Tanga)

Mpima kaniridhisha kwa upande wa nakshi. Ila nabaki na hoja moja: kwa kumwonyesha mteja, laida inaleta utulivu. Ukuta mweupe hauisumbui, na mtu akipita mbele ya mlango, simu inajua apite mbele, mlango usimfunike. Bila sensa ARCore inakadiria kina kwa kutembeza kamera. Inafanya kazi, lakini kingo zinatetemeka.

Fundi_Patasi (Bagamoyo)

Wakuu, nimerudi, zimepita siku nne. Kuna kijana wa hapa mwenye 12 Pro kaniazima mchana mmoja. Nimejaribu mlango wa nyumbani kwetu, nao ni kazi ya babu, ambao naujua kila mkwaruzo.

Upana wa tundu la mlango kwa tepu ni sentimita 112. Simu imesoma 113 na kidogo. Kwa fremu ya mninga hiyo ni fremu ya kutupa. Nakshi zimetoka zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima: unaona kuna kitu pale, hujui ni nini.

Kisha nikapiga picha 140 kwa simu yangu hii ya zamani, jioni saa kumi na moja jua limelala, nimeweka tepu kizingitini. Binamu yangu ana kompyuta, ameziunganisha usiku kucha. Asubuhi nimeuona mnyororo mzima. Ile pembe inapogeuka, patasi imeingia kwa mkono wa kushoto. Babu alikuwa wa mashoto. Nilikuwa nimesahau kabisa, na ndiyo maana kila nikichonga kwa mkono wangu haikubali. Nilikaa pale mbele ya kompyuta nikalia.

Kwa hiyo simu ya tetesi siisubiri, na 12 Pro siinunui kwa sasa. Nitachukua Android yenye kamera nzuri iliyomo kwenye orodha ya ARCore, kama alivyosema Dada Sebule. Fedha itakayobaki ni ya kompyuta ya mtumba, maana binamu hawezi kukesha kila siku. Vipimo vya fremu vinabaki kwa tepu.

Jumamosi asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, naanza Mtaa wa India. Nyumba mbili zimeshanikubalia. Dada Sebule, kwenye zile picha 140, mlango ukiwa na mbao nyeusi zinazong'aa nifanyeje? Upande mmoja umetoka na matundu.

Dada_Sebule (Dar)

Mng'ao unaichanganya programu, maana unahama kila ukisogea. Piga siku ya mawingu, au mtu akushikie shuka jeupe upande wa jua. Usipake mafuta mlango wiki hiyo.

Mzee_wa_Kaole

Shuka nitashika mimi. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa kwenye baraza ya nyumba ya kwanza.