UZI WA HASIRA: Wanakupa ruzuku ya kwenda kongamano la Zama za Kati, halafu wanakwambia "tumia kadi yako ya mkopo"

MagofuTu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nimefura, kwa hiyo herufi kubwa mtanivumilia.

Wale jamaa wa ruzuku ya safari mnawajua. Msianze kubahatisha: si wa kongamano la Leeds Uingereza, si wa lile la Kalamazoo Marekani. Ni WALE. Kila anayesoma magofu ya miji ya kale ya Waswahili, Kilwa, Gedi au Songo Mnara, na akatamani kuwasilisha mada Ulaya ameshakutana na fomu yao.

Leo wametoa barua kwa waliofaulu. Aya ya kwanza pongezi. Aya ya pili sifa za kongamano: maktaba ya miswada, chakula cha jioni ndani ya kasri. Aya ya tatu ndiyo tusi lenyewe. Msafiri alipie kila kitu kwa kadi yake ya mkopo, atarejeshewa ndani ya siku 60 baada ya kongamano akileta risiti.

KADI YAKE YA MKOPO!

Mhadhiri msaidizi wa historia huko mkoani ana kadi ya mkopo ya benki gani? Ana kadi ya ATM. Hiyo nayo imefungwa kununua vitu mtandaoni mpaka aende tawini ajaze fomu, na ikifunguliwa ina kikomo cha siku kisichofika nusu ya bei ya tiketi.

Pigeni hesabu na mimi. Tiketi ya kwenda na kurudi, tuseme euro 1,000. Malazi siku nne kwa euro 85, ni 340. Ada ya usajili 150. Viza ya Schengen 90, na ada ya kituo kinachopokea maombi sijaigusa. Bima ya safari 40, na iwe ya kinga isiyopungua euro 30,000, la sivyo faili linarudi. Jumla 1,620. Euro moja ikiwa shilingi 2,900, hiyo ni 4,698,000. Ruzuku yenyewe mwisho wake euro 1,200! Maana yake unawakopesha WAO karibu milioni tatu na nusu bila riba kwa miezi minne au mitano, na euro 420 zilizobaki unazimeza mwenyewe. Mkopeshaji yuko Mtwara, mkopaji anakula kasrini.

Sasa njooni kwenye viza. Ubalozi unataka taarifa ya benki ya miezi mitatu yenye pesa ndani. Pesa umeshaiweka kwenye tiketi. Ukikopa Saccos, milioni nne zikaingia Jumatatu na miadi yako ni Alhamisi, ofisa anaona pesa iliyodondoka kutoka mbinguni, anaandika hajaridhika na chanzo cha fedha. Na barua ya wenyeji, ambayo ingesema wao ndio wanaogharamia, inasema gharama zitarejeshwa baadaye. Ofisa akisoma hivyo anakuhesabu kuwa unajilipia, basi uonyeshe akaunti. Sentensi moja imeua faili. Ada ya viza hairudi ukinyimwa. Tiketi ya bei ya chini hairudi. Hasara ya nani? Ya mwenye kadi ya mkopo!

Ukipona yote hayo, unarudi nyumbani unafungua fomu yao ya kudai. Kisanduku cha kwanza: IBAN, ile namba ya akaunti ya mtindo wa Ulaya. Tanzania hakuna IBAN. Kenya hakuna IBAN. Kisanduku kina nyota nyekundu, hakirukwi. Weka namba ya akaunti, kinagoma. Weka msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki, kinagoma. Watu wanatangaza ruzuku kwa wasomi wa Afrika na fomu yao haijui benki za Afrika zinafananaje!

Anayewatetea ajitokeze. Kadi ya mkopo? KADI YA MKOPO?

msomaji_wa_usiku

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje.

Mhakiki Mkali

Mkuu, umepewa euro 1,200 unapiga yowe mji mzima. Wenzako wamepata mistari miwili ya kukataliwa na wamenyamaza. Huitaki, irudishe apewe mwingine.

MagofuTu

Nikiirudisha huyo mwingine ndiye atakuwa na kadi ya mkopo? Rudia kusoma aya ya tatu.

Mzee wa Masurufu

Msigombane, vijana. Hii ina dawa, ila dawa inanywewa kabla hujasaini barua ya kukubali. Ukishasaini umekubali masharti yao.

Waandikie wiki hiyo hiyo waikate tiketi kupitia wakala wao wa safari. Usiwaombe huruma, wape kazi iliyokwisha tayari: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na siku inayoisha muda wake, uwanja wa kuondokea, tarehe mbili za kwenda na mbili za kurudi. Ofisi nyingi zina wakala na zinaweza kulipa moja kwa moja. Zinachoepuka ni usumbufu, na wewe umeshauondoa.

Wakigoma, nenda kwa wakala wa tiketi wa hapa mjini. Akutolee nafasi ya ndege isiyolipiwa pamoja na ankara kifani (proforma) yenye jina la wale wafadhili, siyo jina lako. Wao wanamlipa kwa benki, yeye ndipo anatoa tiketi. Nafasi isiyolipiwa hudumu siku chache tu kisha inafutika, kwa hiyo ichukue siku moja au mbili kabla ya miadi ya viza. Wengi huichukua wiki tatu kabla, ubalozi ukiikagua haipo, faili linaonekana la uongo.

Njia ya mwisho ni masurufu ya chuo, yaani chuo kikutangulizie pesa ya safari kisha uirejeshe. Ambatisha barua ya ruzuku, mwaliko, programu inayoonyesha jina lako na siku yako ya kuwasilisha, na kibali cha safari ya nje kama wewe ni mtumishi wa umma. Hapa ndipo watu huumia: waliojaza akaunti yao binafsi kwenye fomu ya kurejeshewa wanajikuta chuo kinawadai. Andika akaunti ya chuo tangu mwanzo. Usiporejesha masurufu kwa wakati, mhasibu anakata mshahara, na hatakusikiliza habari za kasri.

Barua ya viza nayo iombe upya. Iseme wazi kwamba wenyeji wanabeba tiketi, malazi na bima, itaje kiasi, tarehe, jina lako na namba ya pasipoti, isainiwe na ipigwe mhuri. Hata kama kiutaratibu watalipa baadaye, wanaobeba gharama ni wao, basi waandike hivyo.

MagofuTu

Mzee shikamoo, na ahsante. Lakini kwa nini kazi ya kurekebisha barua yao iwe ya mtafiti? Wameandika barua moja kwa dunia nzima, wakadhani dunia nzima ina kadi ya mkopo!

Sarafu ya Shaba

Kuhusu IBAN: usipigane na kile kisanduku. Waandikie wahasibu wao, si waandaaji, uombe fomu ya malipo ya nje ya Ulaya. Ipo, hawaitangazi tu. Utajaza jina la benki, tawi na anuani yake, msimbo wa SWIFT, namba ya akaunti, na anuani yako ya makazi.

Kisha sisitiza makato yawe OUR, yaani mtumaji abebe yote. Wakiacha SHA, yaani makato mgawane, benki za katikati zinamega njiani, dola 15 hapa, 25 pale, na inayofika haifanani na iliyotumwa. Akaunti yako ikiwa ya shilingi na wao wametuma euro, kuna hatari ibadilishwe mara mbili, kwanza dola kisha shilingi, na kila mara unapoteza. Mwenye akaunti ya fedha za kigeni aitumie.

Bodingi pasi ya kwenye simu ipige picha kabla hujapanda, maana safari ikiisha programu huifuta. Teksi isiyo na risiti ya mashine, dereva akuandikie kwa mkono: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, saini. Bila hivyo mstari huo unakatwa wote.

Nyali Beach

Nyinyi wa kadi mna nafuu. Ugonjwa wenyewe ni WADHAMINI, wale wa kukuandikia barua ya kukupendekeza! Unajaza maombi vizuri, mfumo unamtumia profesa kiungo, kiungo kinaangukia kwenye barua taka, profesa yuko semina Naivasha, muda unapita. Maombi yenu kamili yanatupwa kwa sababu ya barua ya mtu mwingine. Na hakuna anayekuarifu kwamba haijafika!

Mtu ajipange hivi: mpe mdhamini wiki nne, mtumie ikisiri (muhtasari wa mada yako) na wasifu wako pamoja na mambo matatu unayotaka ayataje, kisha mtumie anuani ya barua pepe itakayomwandikia ili aitafute mwenyewe. Na muweke mdhamini wa tatu wa akiba pale mfumo unaporuhusu.

Halafu saa. Mwisho wa maombi ni saa sita usiku ya wapi? Kalamazoo iko Michigan, saa sita usiku yao kwetu ni saa moja asubuhi, na saa mbili wakati wa baridi yao. Kwa Ujerumani au Ufaransa ni saa saba au saa nane usiku wa huku. Tarehe nazo ni za kukariri: Leeds ya Julai hufunga mada za mtu mmoja mwisho wa Agosti ya mwaka uliotangulia, na vikao vizima mwisho wa Septemba. Kalamazoo ya Mei hufunga katikati ya Septemba. Ukingoja Januari umechelewa mwaka mzima.

MagofuTu

Naomba tubaki kwenye kadi ya mkopo.

Mhakiki Mkali

Tusidanganyane pia. Zama za Kati ni habari za Ulaya: mashujaa wa farasi, watawa, makanisa makubwa. Kilwa inaingiaje humo? Labda kamati inawapa kwa kuwaonea huruma.

Bi Mkubwa wa Wete

Huruma ya nani wewe? Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akamkuta sultani anatawala mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Husuni Kubwa, kasri la Kilwa, ilijengwa karne hiyo hiyo ya 14. Mwaka 2023 jarida la Nature limetoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa miji hii, na wamewaita watu wa Zama za Kati wa pwani ya Waswahili kwenye kichwa cha makala. Nenda kawafundishe na Nature.

Wanaoandika ikisiri, ziba mdomo wa watu kama huyu mapema. Karne iwe kwenye sentensi ya kwanza. Sentensi ya pili itaje ushahidi wako: vigae vingapi, kaburi lipi, maandishi gani. Ya tatu ionyeshe bahari inakuunganisha na nani, Siraf ya Uajemi, Aden, Gujarat, China. Usipoteze maneno mia kueleza pwani ya Waswahili ni wapi, tumia kumi. Ikisiri nyingi za pwani zinakataliwa kwa sababu nusu nzima ni jiografia na hoja inaanza maneno yamekwisha.

Na kwa kuwa mmenichokoza: kila ruzuku Kilwa, kila mada Kilwa! Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na za dhahabu juu yake. Nani anaitaja? Kamati zenu zinajua njia ya Kilwa tu!

Sarafu ya Shaba

Bi Mkubwa, heshima yako, lakini sarafu za shaba za Kilwa zina jina la sultani upande mmoja na upande wa pili maneno yanayotiana vina na jina hilo. Zimeokotwa hadi visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944. Kilwa haijapendelewa, imestahili.

Bi Mkubwa wa Wete

Zimeokotwa Australia, na nani alizipeleka hakuna anayejua. Za Mtambwe zilikuwa palepale zilipofukiwa, zimefungwa pamoja. Mwanaakiolojia anajua ipi ina thamani!

Mzee wa Masurufu

Wanaotaka kuchimba Pemba pesa ipo. Mfuko wa Wenner-Gren wa Marekani wanatoa hadi dola 25,000 kwa utafiti wa uwandani wa shahada ya uzamivu, maombi yanafungwa 1 Mei na 1 Novemba. Hawalipi ada ya chuo wala mshahara wako, ukiviweka kwenye bajeti unajiharibia. Mfuko wa Gerda Henkel wa Düsseldorf, Ujerumani, wamekuwa wakitoa ufadhili wa Lisa Maskell kwa wanafunzi wa uzamivu wa Afrika kusini mwa Sahara. BIEA, taasisi ya utafiti ya Waingereza iliyoko Nairobi, wana ruzuku ndogo ndogo.

Kinachoangusha bajeti za uchimbaji ni mkaa unaofukuliwa ili upimwe umri. Watu wanaweka gharama ya maabara ya kupima umri na kusahau kibali cha kutoa sampuli nje ya nchi, usafirishaji wake, na siku za kusubiri saini. Sampuli inakaa kabatini mpaka muda wa ruzuku unaisha, ripoti inaandikwa bila tarehe hata moja.

Nyali Beach

Na Gedi je? Imechimbwa tangu 1948 na bado maswali tele. Sisi wa pwani ya Kenya hatupewi!

MagofuTu

Jamani. KADI. YA. MKOPO.

msomaji_wa_usiku

Mkuu bado uko hapo? Sisi tumeshavuka kwenda Pemba.

Mhakiki Mkali

Pemba yenyewe mtafikaje, hiyo Mtambwe si kisiwa?

Bi Mkubwa wa Wete

Maji yakitoka unavuka kwa miguu. Weka ratiba ya maji kupwa na kujaa ndani ya mpango wa kazi, siyo saa za ofisini kama wanavyoandika watu wa Kilwa, kisha uombe siku nyingi zaidi kwa sababu hiyo. Na bajeti iandike mashua ya kubebea vifaa na udongo wa kuchekecha, maana hiyo hakuna kamati itakayokukumbusha.