Fury, Usyk, Joshua: kichwa cha bingwa wa uzito wa juu tunakipimaje?

Kona_Nyekundu
Wakuu wa masumbwi, tulijadili hili bila ushabiki maandazi. Akitajwa Fury, watu wanasema ana moyo kwa sababu alinyanyuka raundi ya 12 mbele ya Wilder, Desemba 2018. Akitajwa Joshua, wanasema Ruiz alimvunja akili. Usyk ndiyo kabisa, eti hatikisiki. Sasa Joshua naye aliangushwa na Klitschko raundi ya 6, Aprili 2017 pale Wembley, akanyanyuka na kummaliza raundi ya 11. Na Fury mwenye moyo amepigwa na Usyk mara mbili mwaka 2024. Kwa hiyo tukisema kichwa, yaani utulivu wa akili wa bondia, tunapima nini hasa? Kuna kitu mtu anaweza kukiona kwa macho ulingoni, au tunawapa sifa washindi baada ya matokeo kutoka?

JabuKwanza
Kipo cha kuona, mkuu, ila wengi wanaangalia uso wakati jibu liko miguuni.

Bondia akipigwa konde zito, tazama sekunde tano zinazofuata. Mwenye kichwa kilichotulia atafanya moja kati ya haya: atakumbatia na kuufungia mkono mwenye nguvu wa mpinzani kwapani, atazunguka kuukimbia mkono huohuo, au atapiga goti kwa hiari na kutumia hesabu. Aliyepotea atarudi nyuma kwa mstari ulionyooka mpaka kamba zimguse, au atarusha konde kubwa la hasira akiwa hajapanga miguu. Hilo la pili mashangilio yanalifunika, watu wanaliita ujasiri.

Hesabu nayo inasema mengi. Ukiangushwa, mwamuzi lazima afike nane hata kama umesimama kwenye mbili. Ukiruka juu haraka hujaokoa chochote, umetumia miguu ambayo bado haina damu. Mzoefu anabaki na goti moja chini, anamtazama mwamuzi, anasimama kwenye saba au nane. Fury kwa Wilder hakuchagua kungoja: alikuwa amelala chali, akasimama kwenye tisa. Kwangu la maana zaidi ni alichofanya baada ya hapo. Hakukimbia, alikumbatia, akasogea, na kabla raundi haijaisha alikuwa anarudisha makonde yake.

Southpo_Mkongwe
Nakubali, ila naongeza kitu. Kichwa cha bondia kinaonekana pia pale ANAPOMUUMIZA mwenzake, si anapoumizwa tu. Chukua Joshua na Ruiz, Juni 2019, Madison Square Garden. Raundi ya 3 Joshua anamwangusha Ruiz. Hapo angepiga jabu (konde lililonyooka la mkono wa mbele), angebaki mbali, angesubiri mwanya wa kulia. Yeye akaingia kumaliza kazi kwa makonde ya kuzunguka, kidevu kiko juu, mbele ya mtu mfupi mwenye mikono ya haraka. Konde la kushoto la Ruiz likamkuta juu ya sikio, na mizani ya mwili ikapotea papo hapo. Akaenda chini mara mbili raundi hiyohiyo, mara mbili tena raundi ya 7, mwamuzi akakatisha.

Sasa rukeni mpaka Septemba 2024, Wembley, raundi ya 5 dhidi ya Dubois. Joshua tayari ameshahesabiwa katika raundi zilizotangulia. Anampata Dubois kwa kulia, Dubois anayumba. Joshua anafuata, anapeleka konde la kutoka chini akiwa ndani kabisa, na mkono wa kulia wa Dubois unamkuta njiani. KO. Miaka mitano imepita, makocha wamebadilika, kosa ni lilelile: akiona damu anasahau umbali. Huu si woga hata kidogo. Ni njaa ya kumaliza.

Kona_Nyekundu
@Southpo_Mkongwe basi marudiano na Ruiz unayaelezaje? Desemba 2019 alicheza raundi 12 bila papara, akashinda 118-110, 118-110, 119-109.

Southpo_Mkongwe
Usiku ule alikuwa na mpango mmoja tu: jabu, hatua mbili pembeni, mikono ikigusana kumbatia, rudi katikati. Na Ruiz alimrahisishia, alipanda mizani na kilo kama 128 kutoka 122 za pambano la kwanza. Mtu mzito kiasi hicho huwezi kumtuma akufukuze raundi 12. Joshua akiwa na mpango anaufuata vizuri sana. Tatizo lake ni pale mpango unapofanikiwa ghafla kuliko alivyotarajia.

RaundiYa_Kumi
Mnamwacha mtu muhimu, Usyk. Huyu jamaa watu wanadhani ana damu baridi tu, lakini ukimfuatilia utaona ni tabia ya mazoezi. Marudiano na Joshua, Jeddah, Agosti 2022: raundi ya 9 Joshua alimsukuma kwa makonde ya mwili, raundi yake bora kuliko zote. Bingwa mwingine angetumia ya 10 kupumua. Usyk alitoka kwenye kona akaongeza kasi, akarusha makonde mfululizo mpaka Joshua akabaki anajifunika. Alijua mwenzake ametumia mafuta yote. Raundi moja ikageuza hewa ya pambano zima.

Na Fury akaliwa kwa namna hiyohiyo Mei 2024. Raundi za katikati alikuwa anamtesa Usyk kwa makonde ya kutoka chini, mwilini na kichwani, halafu anacheza na jukwaa. Raundi ya 8 Usyk akarudi, ya 9 kushoto kwake kukampata Fury sawasawa. Fury akatembea kama mlevi upande hadi upande, kamba zikamshika. Mwamuzi Mark Nelson akahesabu, na alikuwa sahihi: kanuni inasema ukisimama kwa sababu ya kamba tu, hiyo ni sawa na kuanguka.

Fanyeni hesabu ya ile pointi moja anayopoteza bondia akihesabiwa. Majaji walitoa 115-112 na 114-113 kwa Usyk, 114-113 kwa Fury. Mrudishieni Fury pointi ya kuhesabiwa: inakuwa 115-113 Usyk, 114-114, na 115-113 Fury. Sare! Mkanda wa bingwa asiye na mpinzani (mwenye mikanda yote mikubwa), wa kwanza uzito wa juu tangu Lennox Lewis 1999, ulikaa juu ya sekunde zile.

MikandaMinne
Mimi napingana kidogo na wote. Vita vya akili kabla ya pambano mnavidharau. Fury alimmaliza Klitschko 2015 kwa maneno na vituko kabla hawajapanda Düsseldorf.

JabuKwanza
Klitschko alimalizwa na urefu, @MikandaMinne. Alizoea kuegemea watu wafupi na kuwapima kwa mkono wa kushoto. Akakutana na mtu mrefu kuliko yeye, anayechezesha mabega na kubadilisha mkao, mkono wa kulia ukabaki nyumbani. Ona Desemba 2024: Fury na Usyk walikodoleana macho dakika zaidi ya 11 kabla ya marudiano. Watu wakasema Fury safari hii amebadilika. Majaji wote watatu wakaandika 116-112, Usyk.

Kama unataka vita vya akili vya kweli, tazama maamuzi ya kambi. Baada ya sare na Wilder, Fury alimwacha kocha Ben Davison akaenda kwa SugarHill Steward, akapandisha uzito kutoka kilo 116 hadi 124 hivi, ili Februari 2020 amwendee Wilder mbele na kumlalia shingoni. Wilder anahitaji nafasi ya kurusha kulia. Ukimnyima nafasi, anarudi nyuma, na akirudi nyuma hana konde. TKO (pambano kusimamishwa) raundi ya 7.

Kona_Nyekundu
Na Dubois? Alipiga goti kwa Joyce 2020, watu wakamwita mwoga. Kwa Usyk 2023 tena akahesabiwa raundi ya 9 hadi kumi.

RaundiYa_Kumi
Kwa Joyce, mfupa wa kuzunguka jicho la kushoto ulikuwa umevunjika, na jabu ilikuwa inatua palepale kila raundi. Mfupa ule ukivunjika na ukaendelea kupigwa, unacheza na uwezo wa kuona. Ukimwita mwoga unasahau kwamba ndani ya miezi michache ya 2024 mtu huyohuyo alisimama na Hrgović, akala makonde ya kulia mazito raundi za mwanzo, akamsimamisha ya 8, halafu akamlaza Joshua. Kwa Usyk ni hadithi nyingine, pale jabu ilimchosha mapema, na Julai 2025 alilazwa raundi ya 5 kwa kushoto.

Southpo_Mkongwe
Na kona jamani, wale wasaidizi wa bondia, msisahau kona! Tyson na Douglas, Tokyo, Februari 1990. Jicho la Tyson linavimba, na kona haina hata kile kichuma cha baridi cha kukandamiza uvimbe. Wakajaza maji ya barafu kwenye glavu ya mpira, wakamshikia usoni. Upande wa pili Douglas anaangushwa raundi ya 8, anapiga sakafu kwa ngumi kwa kujikasirikia, anasimama kwenye tisa. Raundi ya 10 Tyson yuko chini anapapasa kutafuta kinga ya meno, anaibana mdomoni nusu inaning'inia nje.

Kona_Nyekundu
Narudi kuitazama ile raundi ya 9 ya Usyk na Fury. Nianzie wapi?

JabuKwanza
Zima sauti. Anzia dakika ya mwisho ya raundi ya 8, tazama mguu wa mbele wa Usyk unavyokaa nje ya mguu wa Fury. Ukishauona, kushoto kule hakutakushtua.