Mrejesho: Nimechagua WooCommerce kwa duka la nguo mtandaoni

Wakuu, asanteni sana kwa michango. Niliuliza kati ya Shopify na WooCommerce, mifumo ya kuendesha duka mtandaoni, nichukue ipi kwa duka la nguo. Nimeenda na WooCommerce.

Kilichoamua ni malipo. Shopify wana mfumo wao wa kupokea pesa, ila haupo katika kila nchi. Ukitumia wa kampuni nyingine, wanakata asilimia yao juu ya makato ya kampuni hiyo, na ada ya mwezi iko palepale. WooCommerce yenyewe ni ya bure, inakaa juu ya WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti), lakini hostingi (seva inayohifadhi tovuti), domeni (anwani ya tovuti) na usalama ni juu yako. Aliyesisitiza bakapu (nakala ya akiba), Mungu ambariki: sasa kila sasisho nalijaribu kwanza kwenye nakala ya duka.

Kazi kubwa ilikuwa saizi na rangi. Gauni moja la saizi 4 na rangi 3 ni michanganyiko 12, na kila mmoja una stoki yake. Niliandaa faili la CSV (jedwali la maandishi), nikapakia bidhaa zote kwa mkupuo.

Asiyetaka kabisa kuhangaika na seva, bado ningemwambia achukue Shopify.